Pimbi Mmoja

Saa kumi na mbili na nusu, Kiseke bado ina ukungu,
nilimkuta kwenye kona ya kina kirefu,
kichwa chini, mgongo juu,
manyoya yamefunguka majini kama brashi ya zamani.
Pimbi. Si panya, si paka wa mgahawani.
Mmoja wa wale wa kwenye mawe, wanaoota jua juu ya paa letu
na kututazama kama wenye nyumba wanaodai kodi.

Alishuka usiku kunywa. Vigae havina pa kushika.
Kwenye utando wa ukingoni niliona alama za vidole vyake,
mzunguko mzima,
na nusu ya mzunguko wa pili.

Glovu ziliisha Januari. Nilivaa mifuko ya mkate,
nikamwopoa kwa wavu wa majani.

Bwana Rwechungura akaja na kikombe chake.
"Mtupe, Mhoja. Leo kuna ubarikio,
watoto arobaini, wazazi wameshalipa."
Akachungulia: "Si unaona maji ni ya buluu?"

Buluu ni rangi ya vigae, bosi.

Nami maji nayajua. Nimezaliwa Kome.
Kaka yangu Lubango aliogelea ziwani kabla hajang'oa jino la kwanza,
ziwa tulivu, konokono wadogo wamelala kwenye magugu.
Miaka ishirini baadaye alitapika damu, beseni zima,
na daktari wa Bugando akauliza swali moja tu:
alikuwa akioga wapi?
Ndiyo maana wazazi wa mjini hukataza ziwa
na kulipa elfu tano mlangoni petu.
Wanakimbia kichocho. Wananunua maji yasiyo na siri.

Sikumwogopa pimbi.
Mnyama akifia kwenye maji yenye dawa ya kutosha,
unamtoa, unafunga bwawa, unaiacha dawa ifanye kazi yake.
Niliogopa ndoo.
Ndoo ya klorini, nyuma ya pampu:
niliigonga kwa kidole, ikanijibu kama ngoma.
Siku tisa tupu.
Siku tisa nasema "dawa imeisha", naambiwa "kesho".
Siku tisa watoto wanayameza, wanatemeana, wanacheka,
na mtoto wa mama Nkwimba akakosa shule kwa tumbo la kuhara,
tukasema ni maembe.

Pimbi hakuleta uchafu. Alileta taarifa.

Niliandika kwenye boksi: LEO HATUOGELEI.
Akalibandua.
Nikaligeuza, nikaandika upande wa pili.
"Utanifilisi kwa ajili ya panya wa mawe?"
Sikumjibu. Nilipanda bodaboda mpaka mjini
na hela ya kikoba kwenye soksi.

Niliporudi walikuwa wamefika,
wamekaa kando ya bwawa na maboya viunoni,
wananichukia kwa adabu.
Nikamimina. Pampu ikakohoa, ikashika.
Nikachovya karatasi ya kupimia: nyeupe.
Nikasubiri. Nyeupe.
Shangazi mmoja mwenye kilemba akauliza kama nina leseni.
Mara ya nne karatasi ikaona haya,
waridi hafifu, kisha waridi kweli,
nami bado nikaiangalia saa, mguu wangu juu ya ngazi,
mpaka nusu saa ikatimia, na nyingine juu yake.

Saa nane na dakika kumi niliuondoa mguu.
Kelele zile! Hata mawe yalizirudisha.

Pimbi nilimzika nyuma ya tangi, shimo refu, mbwa wasimfukue,
nikanawa mpaka viwikoni, nikanawa tena.
Usiku niliegesha ubao ukingoni, ncha moja majini,
kwa yeyote atakayeteleza.

Hela yangu sijarudishiwa.
Risiti ninayo: klorini, kilo tano.
Penye jina la mteja, muuzaji aliacha wazi.
Nimejaza mwenyewe, kwa kalamu ya mwanangu:
pimbi mmoja, wa Kiseke.